Kipimo cha mate kianzie kliniki ya kisukari

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni ukurasa wa afya wa gazeti lako ulieleza habari za vipimo vinavyogundua maradhi ya fizi kwa kutumia mate, au yale majimaji machache yanayochuruzika kati ya jino na ufizi. Hapa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, habari hiyo ilijadiliwa barazani kwa muuza kahawa kana kwamba kesho asubuhi vipimo hivyo vitapangwa dukani kando ya dawa ya meno. Mimi nilifanya kazi ya maabara kwa miaka zaidi ya thelathini kabla sijastaafu. Sikuwahi kuwa daktari wa meno, lakini nimepima makohozi, damu na mikojo ya watu wa mkoa huu kiasi cha kutosha kujua kwamba kipimo kizuri kikiwekwa mahali pasipofaa huwa ni pambo tu. Kwa hiyo nina hoja moja ninayoomba uichapishe: vipimo hivi vikifika kwetu, visianzie katika chumba cha daktari wa meno, vianzie kliniki ya kisukari.

Mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, aliishi na kisukari, na kwa miaka tisa alihudhuria kila mwezi kliniki ambayo sitaitaja. Alitobolewa kidole, akapimwa presha na uzito, akavua ndara akakaguliwa nyayo, na sukari ilipokataa kushuka muuguzi alimwambia, "Bibi, leo tena imepanda, mbona unatuficha unachokula?" Mama aliona haya. Alipunguza wali, akaacha tende, akanywa chai kavu isiyo na sukari, na bado namba zikabaki palepale. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia afungue kinywa.

Ramadhani moja, baada ya daku, nilimkuta uani amesimama kwenye karo, simu yenye tochi ameiegesha juu ya ndoo, anayatazama mate aliyoyatema. Yalikuwa mekundu, na ndani yake mlikuwa na uzi wa usaha. Hakuniuliza kama anaumwa. Aliniuliza kama funga yake imeharibika. La funga nilimwomba amuulize sheikh, la fizi nikampeleka mwenyewe kwa daktari wa meno juma lile lile. Meno matatu ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza, na daktari alipoingiza kijiti chake cha chuma pembeni ya mojawapo kilizama milimita nane. Alipomuuliza damu ilianza kutoka lini, mama alimjibu kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, damu ya fizi si ugonjwa, ni mswaki mgumu." Kauli hiyo unaweza kuisikia katika nyumba yoyote kuanzia Chumbageni hadi Duga.

Kisukari na fizi vina uhusiano wa kwenda na kurudi. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, kinga ya mwili huyumba, jeraha huchelewa kupona, na uvimbe wa fizi ambao kwa mtu mwingine ungetulia huendelea kuchimba hadi kwenye mfupa wa taya. Kwa upande wa pili, uvimbe huo wa kudumu humwaga kwenye damu kemikali zinazozuia insulini kufanya kazi yake, na sukari inazidi kupanda. Mwaka 1993 mtaalamu wa meno Harald Løe, mzaliwa wa Norwei, aliyaita maradhi ya fizi tatizo la sita la kisukari, baada ya yale ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona. Uchambuzi wa tafiti 35 uliotolewa mwaka 2022 na mtandao wa Cochrane ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi walishuka kwa wastani wa pointi 0.43 katika kile kipimo cha asilimia kinachoonyesha sukari ya miezi kadhaa, ndani ya miezi mitatu hadi minne. Asiyejua kipimo hicho ataona ni kidogo. Waliokaa kliniki wanajua kwamba kuna vidonge vinavyoongezwa kwa ajili ya kupata mshuko usiozidi huo sana.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe, kwa sababu barazani nilisikia mengi yasiyo sahihi. Mdomo ukiachwa bila kusafishwa, ukoga hujikusanya kwenye shina la jino, na baada ya muda hugandamana kuwa ugaga. Mwaka 1965 huyo huyo Løe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Wote walivimba fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na wote walipona waliporudia usafi. Bakteria wa ukoga huwaita askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, ambazo hujazana kwenye ule mfereji mwembamba kati ya jino na ufizi zikiwa zimebeba vimeng'enya vya kukata nyuzi za kolajeni. Nyuzi hizo ndizo zinazolifunga jino kwenye mfupa. Askari wakikaa mno wanabomoa nyumba waliyoitwa kuilinda. Kimeng'enya kinachofuatiliwa zaidi katika vipimo vya sasa kinaitwa MMP-8, na ukoo wake uligunduliwa mwaka 1962 mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwaza meno: kwenye mkia wa kiluwiluwi cha chura, ambao huyeyuka wenyewe anapokua. (Nilipomsimulia hayo mjukuu wangu alikimbia kujitazama kwenye kioo.)

Kipimo cha haraka cha kimeng'enya hicho kinafanana sana na kile cha malaria tunachokijua sote. Mtu husukutua kwa maji ya kawaida nusu dakika na kutema, akasubiri dakika moja, kisha husukutua tena kwa mililita 5 za maji safi ya maabara na kuyatema kwenye kikombe. Maji hayo huchujwa, matone machache hudondoshwa kwenye kipande cha plastiki, na baada ya dakika tano hivi husomwa: mstari mmoja, kimeng'enya kiko chini, mistari miwili, kimevuka kiwango, ambacho kwa kipimo kinachotumika zaidi ni nanogramu 20 kwa mililita. Zipo njia nyingine, kama vile kipande cha karatasi kinachochomekwa pembeni ya jino kwa sekunde thelathini ili kinyonye majimaji ya hapo, au karatasi za kugundua damu iliyofichika kwenye mate, ambazo zimejaribiwa sana Japani. Wengine hutafuta chembe za urithi za bakteria wenyewe, hasa *Porphyromonas gingivalis*.

Kwa nini tuhangaike na majimaji wakati kijiti cha chuma kipo? Kijiti hicho, kwa wasiokijua, kina alama za milimita, na kile kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kina kidonge kidogo nchani chenye kipenyo cha nusu milimita ili kisichome. Daktari hukipitisha kuzunguka kila jino. Ufizi mzima humeza milimita 1 hadi 3, na zaidi ya hapo ni mfuko. Uchunguzi kamili hupima sehemu sita kwa kila jino, ambazo kwa mtu mwenye meno 28 ni sehemu 168. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, kiti cha kulalia na taa nzuri. Tena kijiti kinasoma yaliyopita: kinakwambia mfupa umeshaliwa kiasi gani, hakikwambii kama unaliwa leo.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985 watafiti waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, wanaume ambao hawakuwa wakipiga mswaki kwa desturi wala kupata tiba yoyote ya meno. Wote walikuwa na ukoga na ugaga. Hata hivyo asilimia 8 ndio walioharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 waliharibikiwa polepole, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Ninapolisoma jambo hili huwa ninawakumbuka wakata mkonge wa zamani wa mkoa wetu, niliowajua utotoni, baadhi yao wakiwa na meno yote uzeeni na wengine vibogoyo kabla ya miaka arobaini na mitano. Uchafu wa kinywa pekee haumwambii daktari nani ataanguka upande gani. Majimaji ya fizi, kwa kuwa yanaonyesha ubomoaji wakati unaendelea, yanatoa matumaini ya kuwatambua hao asilimia 8 mapema.

Nasema matumaini, kwa sababu mate ni shahidi mwenye mapungufu yake. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu za mate kwa siku, na majimaji ya fizi yanayoingia humo ni matone. Mate yanasema nyumba inafuka moshi, hayasemi ni chumba gani. Kiasi chake hubadilika kwa saa, kwa chakula na kwa kiu, hivyo sampuli ya alasiri ya mwezi wa Ramadhani si sawa na ya asubuhi ya mwezi mwingine, na wagonjwa wa kisukari wenyewe mara nyingi wana kinywa kikavu. Kidonda cha mdomo kinaweza kupandisha namba bila fizi kuhusika. Aliyebakiwa na meno manne anaweza kupata jibu safi kwa sababu tu hakuna fizi za kutosha kutoa kimeng'enya. Kuhusu karatasi za kugundua damu, wavutaji sigara hutoka damu ya fizi kidogo ingawa mifupa yao inaliwa zaidi, kwa hiyo karatasi hizo zinaweza kuwapitisha wale wale waliopaswa kushikwa.

Niongeze la stoo, ambalo wauzaji wa vipimo hawalitaji. Vipande hivi vinaogopa joto na unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi tulifungua boksi la vipimo vya haraka mwezi wa Februari tukakuta hata mstari wa uhakiki, ule unaopaswa kutokea kila mara kuonyesha kwamba kipimo ni kizima, hautokei. Boksi lilikuwa limekaa chini ya paa la bati wiki tatu. Tuliligundua kwa sababu mstari wa uhakiki ulikufa kabisa. Ungefifia tu, tungeendelea kuwapa watu majibu.

Hapa ndipo hoja yangu ya mahali inapoingia, na naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, kipimo kinawatambua wagonjwa 8 katika kila 10, na kinawapa jibu sahihi wazima 8 katika kila 10. Tukipeleke kliniki yenye watu 100 ambao 40 kati yao wana maradhi yaliyofika kwenye mfupa. Kitawanasa 32, kitawaacha 8 waende nyumbani wakidhani wamesalimika, na kati ya wazima 60 kitawatia hofu 12. Watakaopata mistari miwili ni 44, na 32 kati yao ni wagonjwa kweli. Sasa tukipeleke kipimo kile kile shule ya sekondari, ambako tuseme wagonjwa ni 5 tu katika 100: kitawanasa 4 na kuwatia hofu vijana 19 wasio na kitu. Kipimo hakijabadilika, waliopimwa ndio waliobadilika. Ndiyo maana sipendezwi na wazo nililolisikia la kuzunguka nacho kwenye maonyesho na mikutano ya hadhara kupima kila apitaye.

Kwa daktari wa meno nako faida yake ni ndogo kwa kuanzia, kwa kuwa pale mgonjwa ameshafungua kinywa na kijiti kipo mezani. Atakitumia kufuatilia kama tiba imefanya kazi, na hilo ni jema. Lakini wengi wetu hatufiki pale ila siku ya kung'oa, baada ya karafuu, maji ya chumvi na dawa za maumivu kushindwa. Mgonjwa wa kisukari, kinyume chake, yuko kwenye benchi la kliniki kila mwezi, kadi mkononi, anasubiri zamu yake kwa saa mbili. Amezoea kupimwa. Kusukutua na kutema kwenye kikombe kunamchukulia muuguzi dakika chache na hakuhitaji kiti wala taa. Na katika benchi hilo maradhi haya ni mengi kuliko mtaani, jambo ambalo, kama hesabu ilivyoonyesha, ndilo linalokipa kipimo thamani.

Liko sharti ambalo lisiporukwa nitaunga mkono mpango wowote. Mwaka 1968 wataalamu wa afya Wilson na Jungner waliandika, katika chapisho la Shirika la Afya Duniani, kanuni kumi za upimaji wa watu wasiolalamika ugonjwa, na miongoni mwake ni kwamba lazima pawepo uwezo wa kuthibitisha ugonjwa na kuutibu. Tiba ya fizi katika hatua za mwanzo haina maajabu: kukwanguliwa ugaga juu na chini ya ufizi, kufundishwa kusafisha katikati ya meno, kuacha sigara na ugoro, na kurudi kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Lakini inahitaji mikono, na inahitaji nauli na gharama ambazo mzee wa Tongoni au Pongwe hana kila wakati. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 1 duniani wana maradhi makali ya fizi, kwa hiyo foleni itakayozaliwa na mistari miwili haitakuwa fupi. Kumwambia mtu ana ugonjwa na kumwachia karatasi mkononi ni kumwongezea mzigo.

Kuna jambo la kijamii pia. Mwaka 2019 Bunge letu lilirekebisha sheria na kuruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe, na watu wengi wamekifahamu kile kijiti cha kupitisha kwenye fizi. Siku muuguzi atakapomwomba bibi kizee mbele ya wenzake apitishe kitu mdomoni na kukirudisha, benchi zima litajua, au litadhani linajua, anapimwa nini. Nimeyaona haya kwa makohozi ya kupima kifua kikuu. Watu waliwakimbia majirani zao kwa sababu ya kikopo tu. Kwa hiyo maelezo yatolewe kwa benchi lote kabla ya kikombe cha kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida, na jibu litolewe ndani, mlango umefungwa.

Ninachopendekeza si kikubwa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shule ya tiba ya meno, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo katika mkoa wetu. Wachague kliniki moja ya kisukari hapa Tanga, wawapime wote wanaokubali kwa kipimo cha mate, kisha wote hao, wenye mstari mmoja na wenye miwili, wachunguzwe kwa kijiti na daktari asiyejua jibu la kipimo. Wasiwachunguze wenye mistari miwili peke yao, kwani hapo hatutajua kamwe ni wangapi walioponyoka. Namba za Helsinki kule Ufini, ambako kipimo hiki kimefanyiwa utafiti mwingi, haziwezi kuazimwa zikatumika Makorora bila kukaguliwa: meno yetu yamepita kwenye mswaki wa mti, tambuu, ugoro na joto la pwani.

Na wakati tunasubiri, muuguzi wa kliniki anaweza kuanza kesho kwa maswali matatu yasiyo na gharama: je, fizi zako hutoka damu, je, kuna jino linalocheza, je, meno yako yameachana kuliko zamani? Mama yangu angejibu ndiyo kwa yote matatu miaka mitano kabla ya usiku ule wa karoni.

Swali ninalowaachia wahusika wa afya wa mkoa, na ninaomba walijibu kupitia safu hii, ni hili: mgonjwa wa kisukari atakayejibu ndiyo Jumatatu hii apelekwe wapi, amwone nani, na alipe kiasi gani?

Wako msomaji,
Mtaalamu mstaafu wa maabara,
Ngamiani, Tanga